Mafundo ya tai yakilinganishwa: lipi litakupa urefu sahihi?

Tai ya kawaida ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 145 hadi 150 kutoka ncha hadi ncha. Kiwandani hawajui kama itavaliwa na mtu wa sentimita 160 au wa 190, mwenye kola ya 38 au ya 46. Urefu ni huo huo, na kazi ya kuugawa ni yako: kipande kinazunguka shingo, kipande kinaning'inia mbele, kipande kinamezwa na fundo, na kinachobaki ni mkia unaojificha nyuma. Mtu akiona ncha imeishia juu ya kitovu husema tai ni fupi. Ikivuka mkanda husema ni ndefu. Kisha anaifungua na kuanza upya kwa kubahatisha, mara tatu, mara nne, hadi kola inalowa jasho kabla hajatoka nyumbani.

Mara nyingi tai haina kosa. Jambo la kushika kabla ya kulinganisha mafundo ni hili: ncha ya mbele unaweza kuifikisha kwenye mkanda kwa karibu fundo lolote, kwa kubadilisha tu mahali unapoanzia. Fundo linaamua mkia. Fundo kubwa likitumika kwenye mwili mkubwa, mkia unakuwa mfupi mno na haufiki kwenye kitanzi cha nyuma, kile kilichoshonwa mgongoni mwa upande mpana ili kuushika mkia, kwa hiyo tai inayumba. Fundo dogo likitumika kwenye mwili mdogo, mkia unazidi upande mpana na kuchungulia chini yake. Kwa hiyo tutalinganisha mafundo kwa mkia yanaouacha, na umbo lake tutaliangalia baadaye.

Ncha iishie wapi

Ncha ya upande mpana iguse chuma cha mkanda: kuanzia ukingo wa juu wa chuma hadi katikati yake. Sentimita mbili juu au chini hazina shida. Ikipanda zaidi ya hapo, shati linaonekana kati ya tai na suruali na tumbo linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Ikishuka chini ya mkanda, mvaaji anaonekana mfupi.

Vaa suruali na ufunge mkanda kabla ya kugusa tai. Suruali inayovaliwa kwenye kitovu na inayovaliwa chini ya tumbo zinatofautiana kwa sentimita 5 hadi 8, na huo ni urefu wa kutosha kuharibu kila kitu. Simama wima, mikono chini, utazame mbele. Ukiinamisha kichwa kutazama ncha, kifua kinainama pia na tai inaonekana ndefu kuliko ilivyo. Tumia kioo.

Hesabu yenyewe

Chukua tepu ya fundi. Pima kutoka kifungo cha kola hadi chuma cha mkanda, ukifuata mwili, tumbo likiwemo. Huo ndio urefu wa mbele. Halafu pima mzunguko wa shingo pale tai inapokaa, chini ya kola. Huwa ni namba ya kola yako ukiongeza sentimita 2 hivi. Jumlisha hizo mbili, toa kwenye urefu wa tai. Kinachobaki ni cha kugawana kati ya fundo na mkia.

Mtu wa sentimita 175 mwenye kola ya 40 hupata takriban 47 mbele na 42 shingoni. Tai ya 148 ukitoa 89 inabaki 59. Fundo likimeza 17, mkia ni 42. Fundo likimeza 29, mkia ni 30.

Fundo linameza kiasi gani? Mwaka 1999 wanafizikia wawili wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, walichapisha hesabu ya mafundo yote yanayowezekana kwenye tai ya kawaida. Walipata 85, yenye hatua 3 hadi 9, hatua moja ikiwa ni kila mara upande mpana unapovuka kwenda kushoto, kulia au katikati. Kuhesabu hatua ni njia nzuri ya kukisia kitambaa: kwa tai ya unene wa kati, kila hatua ya ziada hula kama sentimita 3. Tai nene ya sufi au yenye kitambaa kizito ndani hufika 4, na tai laini ya hariri inaweza kushuka chini ya 3.

Jedwali hili limefanywa kwa tai ya sentimita 148 yenye unene wa kati. Safu tatu za mwisho ni urefu wa mkia unaobaki ncha ya mbele ikiwa tayari kwenye mkanda.

| Fundo | Hatua | Linameza (sm) | Mkia: mtu wa 160, kola 38 | Mkia: mtu wa 175, kola 40 | Mkia: mtu wa 190, kola 44 |
|---|---|---|---|---|---|
| La Mashariki | 3 | 14 | 52 | 45 | 36 |
| La shule | 4 | 17 | 49 | 42 | 33 |
| Pratt | 5 | 20 | 46 | 39 | 30 |
| Nusu Windsor | 6 | 23 | 43 | 36 | 27 |
| Victoria | 6 | 23 | 43 | 36 | 27 |
| Windsor kamili | 8 | 29 | 37 | 30 | 21 |

Urefu wa mbele uliotumika ni 42, 47 na 52. Mkia unaofaa una mipaka miwili. Usizidi urefu wa mbele, la sivyo utaonekana. Na ufike kwenye kitanzi cha nyuma ukapite angalau sentimita 4 au 5, la sivyo utachomoka kila ukigeuka. Kitanzi kwenye tai nyingi kiko sentimita 20 hadi 28 juu ya ncha. Kikiwa 25, mtu wa 160 anahitaji mkia wa 22 hadi 42, mtu wa 175 anahitaji 27 hadi 47, na mtu wa 190 anahitaji 32 hadi 52.

Sasa jedwali linasema lenyewe. Mtu wa kati anaweza kufunga chochote. Mtu mfupi anabaki na Windsor kamili, ama nusu Windsor na Victoria kwa kubana kidogo: mkia ni 43 na mbele ni 42, basi ainue mkia kwa sentimita moja na mbele ishuke moja, suala limeisha. Mtu mrefu anabaki na fundo la shule na la Mashariki. Pratt kwake inakaribia mpaka.

Hizi ni namba za kuanzia. Kupata namba ya tai yako, ifunge, upime mbele, mkia na mzunguko wa shingo, ujumlishe, utoe kwenye urefu wote. Tofauti ndiyo fundo lilichomeza. Fanya hivyo mara moja kwa kila tai unayoipenda.

Siri ya mahali pa kuanzia

Katika mafundo yote haya ni upande mpana unaozunguka. Mkia hausogei, ila kidogo sana wakati wa kukaza. Maana yake, ukishajua mkia wako uwe na urefu gani, weka ncha nyembamba pale pale tangu mwanzo, ufunge, na ncha pana itaangukia kwenye mkanda.

Vifungo vya shati ndivyo alama zako. Kwenye mashati mengi kifungo cha pili kiko sentimita 7 hivi chini ya kile cha kola, na vinavyofuata vinaachana kwa 9 hivi. Hesabu kifungo cha kola kuwa cha kwanza: cha nne kiko karibu na sentimita 25, cha tano 34, cha sita 43. Mtu wa 175 anayefunga fundo la shule aanzie mkia kwenye kifungo cha sita. Akifunga Windsor kamili, aanzie katikati ya cha nne na cha tano. Shati lako likiwa na mpangilio tofauti, pima mara moja ukariri.

Ukimaliza ukakuta ncha imekosea, sahihisha kwa kiasi kile kile. Mbele ikiwa fupi kwa sentimita 3, pandisha mkia kwa 3 kamili, si nusu yake. Ikiwa ndefu kwa 4, shusha mkia kwa 4. Usijaribu kuvuta tai ikiwa imeshakazwa ili kurekebisha urefu. Fundo litapinda na kitambaa kitakunjamana. Legeza, anza upya.

Fundo la shule

Hili ndilo wanafunzi wengi wanafundishana darasani, na ndilo fundo la kujua kabla ya mengine yote. Upande mpana uwe kulia kwako. Upitishe juu ya mwembamba kwenda kushoto, uzungushe nyuma urudi kulia, uupitishe tena mbele kwenda kushoto, uuingize shingoni kutoka chini utokee juu, kisha uushushe kupitia kitanzi cha mbele ulichokitengeneza sasa hivi. Shika mkia kwa mkono mmoja, sukuma fundo juu kwa mwingine.

Linatoka jembamba, refu kidogo, na limeinama upande mmoja. Huko kuinama ni umbo lake, usihangaike kulinyoosha. Linafaa kola yenye ncha zinazokaribiana, na linafaa tai nene kuliko fundo lolote jingine. Mtu wa mwili mkubwa alipende, kwa kuwa linaacha mkia mrefu. Kuna dhana kwamba ni fundo la watoto na kwamba mtu wa ofisini lazima afunge Windsor. Dhana hiyo haina msingi. Hata yule mtawala wa Uingereza aliyelipa Windsor jina lake, Mfalme Edward VIII aliyekuja kuwa Duke wa Windsor, alikuwa akifunga fundo hili la hatua nne kwenye tai zilizoshonwa kwa kitambaa kinene, na unene ndio uliolikuza fundo.

La Mashariki na Pratt: tai ikiwa imegeuzwa

Haya mawili yanaanza na mshono ukitazama nje. Fundo la Mashariki ndilo fupi kuliko yote. Pitisha upande mpana chini ya mwembamba kwenda kushoto, uuvushe mbele kwenda kulia, uingize shingoni kutoka chini, ushushe. Basi. Linameza kidogo sana, kwa hiyo ni la mtu mrefu au mwenye tumbo aliye na tai moja tu ya kawaida. Udhaifu wake ni kwamba ni dogo na hulegea, na mkia hubaki umeonyesha mshono. Kwenye tai yenye upana wa sentimita 6 na kitambaa chembamba linaonekana kama punje. Kwenye tai nzito linapendeza.

Pratt ilipata umaarufu Marekani mwaka 1989 baada ya mzee Jerry Pratt kumfundisha mtangazaji wa televisheni Don Shelby. Pitisha mpana chini ya mwembamba kwenda kushoto, uupandishe mbele uuingize shingoni kutoka juu, uutoe kushoto tena na uuvute sawasawa, uvushe mbele kwenda kulia, uingize kutoka chini, ushushe. Linatoka pande mbili sawa, la ukubwa wa kati, na linameza sentimita 3 tu zaidi ya fundo la shule. Kwa mtu wa sentimita 180 hadi 185 anayetaka fundo lililonyooka, hili ni bora kuliko nusu Windsor, na inashangaza kwamba ni wachache wanaolijua. Ugumu wake ni mmoja: kuanza na tai iliyogeuzwa kunachanganya mikono siku za kwanza.

Nusu Windsor

Mpana juu ya mwembamba kwenda kushoto, nyuma urudi kulia, upandishe katikati, uingize shingoni kutoka juu, utokee kushoto, uvushe mbele kwenda kulia, uingize kutoka chini, ushushe.

Kama unataka kujifunza fundo moja tu na una urefu wa kati ya 165 na 180, jifunze hili. Linafaa kola za kawaida, linasimama vizuri hata ukishinda nalo kutwa, na linaacha mkia wa kutosha. Kosa linalorudiwa sana ni kuuacha mzunguko wa kwanza umelegea. Pale unapopandisha upande mpana na kuuingiza shingoni, vuta ukae karibu na kola kabla ya kuendelea. Ukiacha nafasi, fundo zima linavimba na kumeza sentimita 2 au 3 zaidi, na ncha inapanda juu ya mkanda ingawa ulianzia pale pale pa jana. Mtu akisema tai hiyo hiyo, fundo hilo hilo, leo ni fupi, sababu huwa hiyo.

Windsor kamili

Hatua zake ni nane, kwa hiyo fuata polepole. Mpana juu ya mwembamba kwenda kushoto. Uingize shingoni kutoka chini. Ushushe upande wa kushoto. Upitishe nyuma ya mwembamba kwenda kulia. Uupandishe na kuuingiza shingoni kutoka juu. Uutoe kulia. Uvushe mbele kwenda kushoto. Uingize kutoka chini, kisha ushushe kupitia kitanzi cha mbele.

Ni pembetatu pana, sawa pande zote. Lina mahali pake: kola iliyotanuka, yaani ncha zake zinaachana sentimita 11 au zaidi ukishafunga kifungo, na mtu mfupi mwenye tai ya kawaida. Kwa mtu huyo si urembo, ni dawa ya mkia mrefu. Lakini mtu wa 190 mwenye kola ya 44 akilifunga, mkia wake unabaki 21, hauoni kitanzi. Atalazimika kuchagua kati ya ncha inayoishia juu ya kitovu na mkia unaopeperuka. Kwenye bunge, mahakamani na harusini utawaona watu warefu wenye tai zilizokatika juu ya tumbo, na chanzo mara nyingi ni Windsor kamili kwenye tai isiyolimudu.

Windsor pia haipendi tai nene. Tai ya sufi au yenye kitambaa kizito ndani inatengeneza fundo kama ngumi, na kola haikai chini.

Victoria

Ni fundo la shule lenye mzunguko wa ziada: zungusha mara mbili badala ya mara moja, kisha umalizie vile vile. Linabaki jembamba ila limejaa. Hili lina kazi moja maalumu ambayo mengine hayaifanyi vizuri: mtu mfupi mwenye tai nyembamba na kola nyembamba. Windsor ingemezea kitambaa sawasawa, lakini ingesukuma kola yake nje. Victoria inameza bila kutanuka.

Mwili mkubwa, tai ndefu

Jedwali halikuweka safu ya mtu mwenye tumbo, kwa sababu jibu lake halitoki kwenye fundo. Chukua mtu wa 175 mwenye kola ya 46 na urefu wa mbele wa 54 kwa kufuata tumbo. Mbele na shingo ni 102. Tai ya 148 inamwachia 46. Fundo la Mashariki linaacha mkia wa 32, la shule 29, na kitanzi chake kiko 29 chini ya kola. La shule linagusa bila kupita; la Mashariki linapita kwa sentimita 3 tu. Huyu atafute tai ndefu, ambazo huwa na sentimita 157 hadi 160. Kwa tai ya 160 anapata mkia wa 35 hata kwa nusu Windsor, na anachagua fundo kwa kupenda, ila Windsor kamili.

Kuzipata Kampala kunahitaji subira. Maduka mengi ya barabara ya Luwum na ya jumla Kikuubo huuza urefu mmoja. Kwenye mivumba, yaani mitumba, ya soko la Owino kuna bahati zaidi, kwani tai nyingi zinatoka nchi ambako urefu mkubwa huuzwa wazi wazi. Nenda na tepu. Ikunje tai katikati: ya 148 itakupa 74, ya 160 itakupa 80. Soma lebo pia; tai za Marekani huandikwa inchi, 58 ikiwa ni kama sentimita 147 na 63 ikiwa 160. Tai za zamani sana, za miaka ya 1940, huwa fupi kwa sababu suruali za wakati ule zilivaliwa juu. Na zile pana za miaka ya 1970 zina sentimita 10 au zaidi, kwa hiyo ukiziweka Windsor utapata fundo kubwa kuliko kidevu.

Ukiwa hapo hapo, ishike tai kwa ncha nyembamba uiache ining'inie. Ikijizungusha yenyewe, ilikatwa vibaya. Tai nzuri hukatwa kwa mshazari wa nyuzi 45, mtindo ulioanzishwa na mshonaji Jesse Langsdorf wa New York miaka ya 1920, na ndiyo sababu inavutika kidogo na kurudi. Tai iliyokatwa ovyo inapinda, na ncha yake haitatua katikati ya mkanda kwa fundo lolote. Tazama pia pale shingoni kama kitambaa kimechakaa kwa kufungwa mahali pamoja.

Kola nayo ina neno

Pima nafasi kati ya ncha mbili za kola kifungo kikiwa kimefungwa. Chini ya sentimita 7, funga la shule, la Mashariki au Victoria. Kati ya 7 na 10, nusu Windsor au Pratt. Zaidi ya hapo, Windsor kamili. Fundo dogo kwenye kola pana linaacha mkanda wa tai ukionekana pande zote mbili. Fundo kubwa kwenye kola nyembamba linainua ncha za kola kama mabawa.

Kola ikikuambia Windsor na urefu wako ukikuambia la shule, sikiliza urefu. Shati ni rahisi kubadilisha.

Wasimamizi wa harusi

Kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi nyumbani kwa bibi harusi, wanaume huvaa kanzu na koti, tai haina kazi. Shida huanza siku ya kanisani: wanaume sita, tai sita za rangi moja zilizonunuliwa pamoja, mmoja ana 162 na mwingine 188. Kwenye picha mafundo yanatakiwa yafanane.

Usiwafungie wote Windsor kwa sababu ya bwana harusi. Chagua nusu Windsor, kisha shughulikia wa pembeni. Mfupi, mkia ukizidi, auchomeke ndani ya shati kati ya kifungo cha nne na cha tano. Upande mpana utaufunika. Mrefu afungiwe Pratt, ambayo kwa hatua chache ukiwa mbali huitofautishi na nusu Windsor. Mkia usipofika kwenye kitanzi, kibanio cha tai kinachoshika pande mbili pamoja na shati, kati ya kifungo cha tatu na cha nne, kinamaliza kazi. Kama muda upo, fundi cherehani anaweza kufumua ncha nyembamba ya tai ya yule mfupi, kukata ziada na kuishona upya. Asiguse upande mpana.

Ofisini na njiani

Waraka wa Wizara ya Utumishi wa Umma ya Uganda wa mwaka 2017 uliwataka watumishi wanaume wavae suruali nadhifu, shati la mikono mirefu, koti na tai. Kwa anayevaa tai siku tano kwa wiki, fundo jepesi kulifungua ni muhimu kuliko fundo kubwa. Fungua kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua. Kuchomoa mkia kwa nguvu hukata uzi mrefu unaoshika tai nzima nyuma, na uzi huo ukikatika tai inaanza kupinda. Usiiache imefungwa msumarini hadi kesho. Mikunjo hukaa mahali pamoja, na wiki ikiisha tai ina makovu ambayo pasi haiyaondoi.

Ukipanda boda boda, upepo unaitupa tai begani na fundo linavutwa upande. Mkia ulio kwenye kitanzi hausaidii hapo, pande zote mbili zinaruka pamoja. Funga vifungo vya koti, au ingiza tai ndani ya shati kati ya kifungo cha pili na cha tatu hadi ufike. Walinzi na wanaofanya kazi karibu na mashine zinazozunguka wasifunge fundo hata moja kati ya haya: wavae tai ya kubana kwa klipu, inayoachia ikivutwa.

Mtoto wa sekondari mwenye tai ya shule yenye urefu wa mtu mzima apewe Victoria. Mwanafunzi wa sentimita 145 ana urefu wa mbele wa kama 37 na shingo ya 35, kwa hiyo hata Windsor inamwachia mkia wa 47, mrefu kuliko mbele. Afunge Victoria, achomeke mkia shatini, na mzazi aulize kama duka la sare lina tai za watoto, ambazo huwa kati ya sentimita 114 na 127. Kwa tai ya 120 anabaki na 48 za kugawa: la shule linampa mkia wa 31, na kazi imekwisha.